UZI: Kondoo anaonekana mnene, ukimshika amekonda. Tupimeje hali ya mwili huku Kanda ya Ziwa?

Ngitili_Kwimba

Habari za malishoni wakuu. Masika yanaisha, na wanaopandisha Juni ili majike wazae vuli ikiwa imeshika ndio muda wao wa kushika migongo. Nasema kushika, si kutazama. Kondoo aliyetoka kwenye majaruba yaliyovunwa tumbo limejaa, mlangoni pa zizi utadhani wa kuuzwa leo. Mwenye mimba anadanganya zaidi. Mwenye minyoo naye hushusha tumbo huku kiuno kimebaki mifupa. Mizani peke yake haimalizi kazi: jike mrefu aliyekonda na jike mfupi aliyenona wanaweza kulingana kilo 32 kwa 32.

Mwache asimame kwa miguu yote minne, mahali tambarare, ametulia. Weka kiganja mgongoni, nyuma tu ya ubavu wa mwisho, kabla hujafika mfupa wa nyonga. Dole gumba likae juu ya uti wa mgongo, vidole vingine vishuke hadi viguse ncha za mifupa ya pembeni ya pingili. Hapo unatafuta ukali wa miiba ya katikati ya mgongo, ukali wa zile ncha za pembeni, urahisi wa vidole kuingia chini ya ncha hizo, na ujazo wa sarara, yaani nyama inayokaa kwenye kona kati ya mifupa hiyo, pamoja na mafuta yaliyoifunika. Sekunde kumi na tano kwa kondoo mmoja zinatosha.

Alama ni 1 hadi 5.

Alama 1: miiba ya katikati imechongoka, ncha za pembeni kali, vidole vinapita chini yake bila kusukuma, sarara nyembamba na mafuta hakuna.
Alama 2: miiba bado inahesabika mmoja mmoja lakini ina ulaini, ncha zimeviringika, vidole vinaingia kwa kusukuma kidogo. Sarara ya wastani, mafuta kiduchu.
Alama 3: miiba unaipata kama vinundu vidogo laini. Ncha za pembeni lazima ubonyeze kwa nguvu ndipo uzipate. Sarara imejaa.
Alama 4: katikati unapata mstari mgumu tu, tena kwa kubonyeza. Ncha za pembeni hazipatikani.
Alama 5: hata ukibonyeza hupati mfupa, na katikati ya mgongo kuna mfereji kati ya mafuta ya kulia na ya kushoto. Kwenye kundi la kijijini huyu ni nadra.

Katikati tumieni nusu: 1.5, 2.5, 3.5. Kondoo wengi wa huku wanaangukia kati ya 1.5 na 3, kwa hiyo bila nusu hutaona tofauti ya maana ndani ya kundi.

Busega_Kwetu

Mkuu asante, ila hapa kuna kitu. Hawa wa kienyeji wenye mkia mnene, kiuno hakivuki 2 hata mwezi wa nne nyasi zikiwa magotini, na mkia umejaa hadi unayumba. Kwa alama zako huyo anatakiwa kuongezewa chakula. Kwa macho ya mtu yeyote wa Busega huyo ameshiba na kusaza. Nani mkweli, kiuno au mkia?

Dkt_Ilemela

Busega, umegusa penyewe. Upimaji huu ulianzia Australia mwaka 1961 kwa Jefferies, kisha Russel, Doney na Gunn wakaunyoosha kule Scotland mwaka 1969 wakitumia kondoo wa manyoya wa milimani, wasio na mkia wa mafuta. Kondoo wetu wa mkia mnene, na wale weupe wenye kichwa cheusi na mafuta ya matakoni, sehemu kubwa ya akiba yao wanaiweka nyuma. Ukipima kiuno peke yake unawapunja.

Ninachoshauri ni kuandika alama mbili. Ya kwanza ya kiuno, kama alivyoeleza Ngitili. Ya pili ya mkia, na hii haihitaji ngazi tano, tatu zinatosha. Shika shina la mkia kwa kiganja kizima, si ncha. Ukiwa umejaa, mgumu kiasi na ngozi imetanuka, andika J. Ukiwa una mafuta lakini umelegea na ngozi ina mikunjo, andika L. Ukiwa ngozi tupu na unapata pingili za mkia kwa vidole, andika T. Mwenye "2 J" hana shida, mwache na malisho. Mwenye "2 L" anakula akiba yake, mfuatilie. Mwenye "2 T" amekwisha, huyo ndiye wa kutengwa na kulishwa. Na "3 T" ukimpata mpime tena, kwa kawaida mkono umekosea au alikuwa amekaza misuli.

Kwa chotara wa Dorper, wale kondoo wa nyama wa kigeni, tumia kiuno bila wasiwasi, mkia wake hauna akiba ya kusema.

Mnadani_Misungwi

Daktari, sisi tunaonunua mnadani tunaanza na mkia, kiuno baadaye. Mwenye mali anajua, ndiyo maana wengine huwajaza chumvi na maji asubuhi ya mnada. Tumbo linajaa, mkia haujazwi kwa asubuhi moja.

Niongeze la Idi ya kuchinja, maana wengi huuliza. Kuna aina nne za mnyama zisizofaa kwa udhiya: chongo la wazi, ugonjwa wa wazi, kilema cha wazi, na aliyekonda mpaka mifupa haina uboho. Huyo wa mwisho ndiye alama 1 na mkia mtupu. Kwa hiyo anayewaandalia wateja wa Idi aanze kupima miezi mitatu kabla. Wiki mbili kabla ni kujichosha.

Ila J, L, T zako daktari naona ni nyingi. Umejaa au haujajaa, basi.

Dkt_Ilemela

Kwa mnunuzi sawa, wewe unamchukua leo na kumwuza kesho. Kwa mfugaji hiyo L ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inamwonyesha kondoo anayeshuka kabla hajafika chini. T ukiiona umeshachelewa.

Mama_Kondoo_Sengerema

Hodi jamani. Naongezea upande wa mkono, kwa sababu ninaona watu wawili wakimpima kondoo mmoja na kutoa 2 na 3.5.

Kosa kubwa ni kumbana. Ukimsukuma ukutani kwa goti, au ukimnyanyua kichwa, anakaza mgongo, na sarara iliyokaza inajifanya imejaa. Subiri apumue, ukiona masikio yamelegea ndipo uweke mkono. La pili ni kupima mbele mno. Juu ya mbavu hakuna ncha za pembeni za kushika, kwa hiyo utampa kila kondoo 3. La tatu ni kumpima akiwa amelowa na mvua au amekunja mgongo kwa baridi. La nne ni nguvu: anayebonyeza sana atawapa wote alama za chini, anayegusa juujuu atawapa za juu. Dawa yake ni kundi zima kupimwa na mtu mmoja kwa mkono uleule. Mkipokezana, anzeni pamoja na kondoo watano wa unono tofauti, mkubaliane, halafu endeleeni.

Anayejifunza na hana mwalimu, atumie mkono wake mwenyewe. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: hiyo ndiyo 1. Nyoosha mkono, pitisha kidole nyuma ya kiganja, mifupa ipo lakini imefunikwa: hapo uko 2.5 hadi 3. Geuza, bonyeza nyama iliyo chini ya dole gumba: hiyo ni 4.

Ngitili_Kwimba

Mama asante, hilo la vifundo nitalitumia kufundishia vijana wa zizini.

Sasa kwa nini kupima, na lini. Alama moja ni kama asilimia 10 hadi 13 ya uzito wa mnyama. Kwa jike wa kilo 30 ni kilo 3 hadi 4 za nyama na mafuta. Kumpandisha alama moja ndani ya wiki nane anatakiwa aongeze kama gramu 60 kila siku bila kukosa. Hilo linawezekana masika, linawezekana kwa mashudu, halafu basi. Yaani kumpima siku ya kumwachia dume ni kujua habari bila uwezo wa kuibadili.

Kwa hesabu ya huku: dume anaingia katikati ya Juni, mimba ni siku 150 hivi, kuzaa ni katikati ya Novemba, kuachisha ni mwishoni mwa Februari hadi Machi. Jike anayetoka kunyonyesha akiwa 2 ni kawaida, asilaumiwe. Baada ya hapo ana masika yote, Machi hadi Mei, ya kurudi 3 kwa nyasi ambazo hujanunua. Kwa hiyo kipimo chenye faida kuliko vyote ni cha siku ya kuachisha. Pale unawagawa: wa 2.5 na zaidi waende na kundi kubwa, wa 2 kushuka waende malisho mazuri kwanza.

Siku ya kupandisha natafuta 3. Wa 2.5 anayepanda kwa sababu unamlisha naye anashika vizuri, ile lishe ya nyongeza wiki tatu kabla ya dume na wiki tatu baada yake humsaidia yeye. Kwa wa 3.5 na zaidi nyongeza hiyo ni pumba zilizopotea.

Agosti na Septemba nyasi zimekufa. Akishuka kutoka 3 hadi 2.5 mimba ikiwa ya miezi miwili mitatu anavumilia. Asishuke zaidi ya hapo, kwa sababu mpaka siku ya 90 ndipo kondo la nyuma linakua, na kondo dogo huzaa mtoto mdogo. Wiki sita za mwisho ndipo mtoto anapoongeza karibu asilimia 70 ya uzito wake wa kuzaliwa, nazo zinaangukia Oktoba, mvua bado inasuasua. Hapo ndipo ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi, inafunguliwa. Anayeifungua Agosti kwa sababu jirani kafungua, Oktoba hana kitu.

Kayenze_Shambani

Hiyo ratiba ni nzuri kwa mwenye dume aliyefungwa. Wengi wetu dume anatembea na majike mwaka mzima, kila mwezi kuna anayezaa. Tunapima lini?

Ngitili_Kwimba

Pima wote mara tatu kwa mwaka: Machi, mwisho wa Mei, na Septemba. Kila anayezaa mpime siku ya kuachisha. Ukitaka kubana uzazi bila kujenga banda la dume, mfunge dume kipande cha turubai au ngozi tumboni, kining'inie mbele ya uume. Kikague kila siku, kikilowa mkojo muda mrefu kinamletea vidonda.

Kisiwani_Ukerewe

Wakuu, tusisahau mwambao. Kiangazi kundi linashuka ziwani kwa sababu ndiko kwenye kijani, na kule ndiko wanakookota minyoo bapa ya ini. Unamlisha pumba, mkia unazidi kulegea. Kuna mtu atasema "huyu hana damu ya unono". Ana minyoo.

Dkt_Ilemela

Kweli kabisa. Alama ya mwili inakuambia kiasi gani amepungua, haikuambii kwa nini. Ukipata wa 1.5, usiende moja kwa moja kwenye gunia la pumba. Fungua mdomo kwanza: meno ya mbele yakiwa yameng'oka au marefu yenye nafasi, huyo ni mzee, na chakula hakimrudishi. Tazama kwato, anayechechemea halishi. Kamua kiwele, upande mmoja ukiwa mgumu ujue kiwele kinaumwa. Kisha shusha ukope wa chini uone rangi, hiyo ndiyo kazi ya kadi ya FAMACHA iliyotoka Afrika Kusini, ngazi 1 nyekundu hadi 5 nyeupe. Shika na chini ya taya kama kuna uvimbe laini wa maji.

Angalizo: namba za FAMACHA zinakwenda kinyume na za mgongo. Macho 1 ni mzima, mgongo 1 ni mkondefu. Kwenye daftari andikeni safu mbili tofauti, la sivyo mtachanganya. Tena macho meupe na taya lenye maji yanaweza kuwa ya mnyoo mnyonya damu wa tumboni au ya minyoo bapa, kadi haitenganishi. Peleka kinyesi. Kitoe ndani ya njia ya haja kwa glovu, si kile cha chini, funga, weka kwenye chombo cha baridi bila kugandisha, kifike siku hiyohiyo. TVLA, wakala wa maabara za mifugo, wana kituo Mwanza. Ila mayai ya minyoo bapa huonekana kama miezi mitatu au zaidi baada ya maambukizi, kwa hiyo jibu la "hakuna mayai" mwezi wa nane kwa kundi lililoshuka ziwani mwezi wa saba halimaanishi wako salama.

Dawa: albendazoli ya asilimia 2.5 kwa minyoo ya kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 5, yaani jike wa kilo 30 apate 6. Kwa minyoo bapa ni mililita 1.5 kwa kilo 5, apate 9, na inaua ile iliyokomaa tu. Machanga inahitaji triklabendazoli, miligramu 10 kwa kilo. Albendazoli usimpe jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba, yaani ukipandisha Juni usiwanyweshe Juni na Julai. Isomwe lebo ya chupa kila mara, asilimia 10 na asilimia 2.5 zinakaa rafu moja dukani na watu wanachanganya. Na usikadirie kilo kwa macho. Ukimpunja unafuga minyoo sugu.

Kisiwani_Ukerewe

Nimekupata daktari. Kwa kuzuia, wanywe maji kwenye hori, wasiingie majini. Nyasi za ukingoni palipotoka maji majuzi ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu vijidudu vikitoka kwa konokono vinajishikiza kwenye jani. Majaruba yenye maji nayo ni yaleyale.

Mashudu_Magu

Sasa tuje kwenye kulisha hao waliotengwa. Huku kwetu mashudu ya pamba na pumba za mahindi havikosi. Mchanganyiko wa kilo 100: pumba za mahindi 70, mashudu ya pamba 27, chokaa ya mifugo 2, chumvi 1. Jike wa kilo 30 apate gramu 300 kwa siku juu ya malisho, asubuhi na jioni nusu nusu. Anza na gramu 100, panda taratibu ndani ya siku kumi hadi kumi na nne. Ukimwaga gramu 300 siku ya kwanza kwa kondoo mwenye njaa, hasa ukiwa umetia mahindi yenyewe, tumbo linachacha, anaharisha, anaweza kufa. Kila mmoja apate nafasi ya kama sentimita 30 horini, la sivyo aliyenona ndiye atakayekula na mkondefu atabaki anatazama.

Chokaa usiiruke. Pumba zina fosforasi nyingi, dume na maksai wakila pumba tupu wanapata mawe ya mkojo. Ukiona dume anajikamua mkojo hautoki, hiyo ni dharura, siyo ya kungoja kesho.

Mashudu ya pamba yana sumu ya asili. Mkubwa mwenye tumbo lililokomaa anaihimili, mwanakondoo wa chini ya miezi minne usimpe. Dume wa mbegu naye asilishwe mengi kwa muda mrefu.

La mwisho, shaba. Kondoo si ng'ombe. Jiwe la kulamba la ng'ombe, chakula cha kuku, chakula cha nguruwe, samadi ya kuku wa nyama, hivi vinaweza kuwa na shaba inayojikusanya kwenye ini la kondoo taratibu, halafu siku moja macho yanageuka njano, mkojo unatoka mwekundu, mnyama amelala. Nunua lililoandikwa la kondoo.

Busega_Kwetu

Na aliyezidi? Kuna majike wasiozaa msimu huu wako 4 J.

Mama_Kondoo_Sengerema

Wasiozaa misimu miwili mfululizo wakiwa 4 hao ni wa Mnadani, wanakula malisho ya wenzao. Mwenye mimba aliye 4 ndiye wa kuangalia. Mwezi wa mwisho, hasa akibeba pacha, mtoto anabana tumbo, mama hali vya kutosha, anaanza kuyeyusha mafuta kwa haraka na damu inachafuka. Anajitenga, anaacha kula, anatembea kama haoni, pumzi ina harufu tamu, halafu analala. Aliyekonda chini ya 2 mwenye pacha hupata vilevile. Usijaribu kumpunguza aliye 4 wiki hizo, ndiyo utamharakisha. Kama unataka ashuke, ni mwezi wa pili na wa tatu wa mimba, polepole.

Kayenze_Shambani

Dume naye apimwe kwa alama hizihizi? Na mbuzi?

Dkt_Ilemela

Dume ndiyo, aingie kazini akiwa 3.5, maana atashuka. Mpime wiki nane kabla, mbegu zinachukua kama wiki saba kutengenezwa, kwa hiyo dume aliyekonda Aprili anakuja kukuangusha Juni hata kama ameshanona. Dume mmoja kwa majike 25 hadi 30.

Mbuzi hapana, si kwa kiuno peke yake. Mafuta yake mengi yako ndani ya tumbo, kiuno chake kikavu hata akiwa mzima. Kwa mbuzi shika na kidari, mafuta yaliyo juu ya mfupa wa kifua, uandike zote mbili. Afungue mtu uzi wake.

Mnadani_Misungwi

Kuandika hiyo daftari yote zizini na kondoo sitini wanarukaruka ni kazi ya karani. Hakuna njia fupi?

Ngitili_Kwimba

Ipo. Wapitishe kwenye kichochoro chembamba cha miti, mtu mmoja anashika, mmoja ana rangi. Aliye 2 T kushuka mstari mwekundu kichwani, 2 L wa bluu, waliobaki waache bila rangi. Ukimaliza hesabu mistari myekundu, hiyo ndiyo idadi ya kulisha, na ndiyo utakayozidisha kwa gramu 300. Usikokotoe wastani. Kundi lenye wastani wa 2.7 linaweza kuwa na kumi walio 1.5 na kumi walio 4, na wastani hautakuonyesha hata mmoja wao.

Rangi ipake kichwani au mguuni, isiwe mgongoni. Wiki nne zijazo utahitaji kushika palepale, na rangi iliyokauka kwenye manyoya inaudanganya mkono.